Simu ya mtoto wa miaka miwili na kompyuta ya mtoto wa darasa la nne: mbona tunazijadili kama kitu kimoja?

Ticha wa Tabata (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nyuzi za malezi humu nazisoma siku nyingi na mabishano ni yale yale. Huku wanasema simu na kompyuta zinaharibu watoto, wanyang'anywe. Kule wanasema dunia imebadilika, mtoto asiyejua kompyuta ameisha. Kila mmoja analeta mfano wa mtoto anayemjua, na mifano yote ni ya kweli, ila watoto wenyewe ni tofauti kabisa.

Mimi nafundisha. Nilianzia chekechea, sasa hivi nashika somo la kompyuta darasa la tatu mpaka la saba, shule ya binafsi. Wadogo nimewaona, wakubwa nawaona kila siku. Hoja yangu ni moja: kabla hujauliza mtoto akae na skrini saa ngapi, uliza ana umri gani, halafu uliza hiyo skrini imekalia kiti cha nani. Ikiwa imekalia kiti cha mtu ambaye angekuwa anaongea na mtoto, mtoto anapata hasara. Ikiwa kiti kilikuwa kitupu tangu mwanzo, mambo yanaweza kuwa mengine kabisa.

Nianze na wadogo.

Analetwa mtoto wa miaka mitatu na nusu, msafi, mchangamfu. Mama anakwambia kwa fahari huyu anahesabu mpaka ishirini kwa Kiingereza. Na kweli anahesabu, tena kwa lafudhi ya Kimarekani, na mwishoni anaweka na kale kamlio ka kwenye katuni. Sasa mwambie "niletee vijiko viwili." Anakuletea vyote alivyovikuta. Akitaka maji hasemi maji, anakushika mkono anakuburuta mpaka kwenye ndoo. Huyu hana ujinga wowote. Amesikia sauti nyingi mno ambazo hazikuwahi kumjibu hata siku moja.

Hili limepimwa. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walichukua watoto wa miezi tisa kutoka nyumba za Kiingereza. Kundi moja likakutanishwa na watu wanaoongea Kichina cha Mandarin, wakawasomea vitabu na kucheza nao sakafuni, vikao 12 tu. Kundi jingine likaonyeshwa watu hao hao, wakifanya mambo hayo hayo, kwenye televisheni. Walipokuja kupimwa, waliochezewa na watu walikuwa wanazitofautisha sauti za Kichina. Wa televisheni walikuwa sawa na watoto ambao hawajawahi kusikia Kichina maishani.

Halafu 2014 Roseberry, Hirsh-Pasek na Golinkoff wakaongeza kitu kizuri. Watoto wa miaka miwili na kitu walijifunza vitenzi vipya kwa mtu aliyekaa mbele yao, na wakajifunza vile vile kwa mtu wa kwenye simu ya video ya moja kwa moja. Kwenye video iliyorekodiwa hawakujifunza. Wote wa video walitazama skrini; tofauti ni kwamba mtu wa kwenye simu anamsubiri mtoto, anamwitikia, akicheka naye anacheka. Ndiyo maana mtoto akiongea kwa video na bibi yake wa Bukoba mimi siiweki kwenye hesabu, na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani walipotoa mwongozo wao 2016 nao hawakuikataza, hata kwa wachanga.

Shirika la Afya Duniani 2019 lilitoa viwango vya walio chini ya miaka mitano. Chini ya mwaka mmoja, hakuna skrini. Wa mwaka mmoja, hakuna. Wa miaka miwili hadi minne isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni heri zaidi. Watu huishia hapo. Lakini waraka ule ule unataka mtoto wa miaka mitatu na minne alale saa 10 hadi 13 kwa siku nzima na awe anajongea dakika 180: akimbie, apande, aruke. Vipange hivyo kwenye siku ya mtoto wako, ongeza kula na kuoga, uone saa zinazobaki. Walichokuwa wanakilinda ni usingizi na mchezo.

Na msidhani nazungumzia simu peke yake. TV inayowaka tangu asubuhi bila mtu kuitazama nayo imo. Dimitri Christakis na wenzake, mwaka 2009, waliwavisha watoto virekodi vidogo na kuhesabu maneno wanayosikia. Kila saa moja ya televisheni inayosikika iliendana na upungufu wa maneno kama 770 ya watu wazima. TV ikiongea sisi tunanyamaza. Sasa njoo kwenye nyumba zetu: baba na mama wametoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni, wanarudi saa mbili usiku, dada ana kufua, kupika, kuosha vyombo na kupokea wageni. Simlaumu dada hata kidogo. Kapewa kazi ya watu watatu na rimoti.

Hao wa darasa la nne nitawaleta huko chini. Karibuni.

---

Chapati Mbili

Siti ya mbele nimeshachukua.

Ila mkuu mnatutisha bure. Sisi tuliokua miaka ya tisini tumeangalia TV za chogo kwa jirani mpaka macho yanatoka machozi. Nani humu hajui kuongea? Maana kwa matusi ninayosoma jukwaa la siasa, lugha ipo ya kutosha.

---

Ticha wa Tabata

Hahaha. Sawa, lakini tukumbuke vizuri ilikuwaje. ITV ilianza 1994. Wengi wetu tulikuwa tayari tunatumwa dukani, lugha ipo kichwani. Tulikuwa kumi na tano kwenye sebule ya mtu, tunagombania nafasi, mmoja kaiona ile filamu jana anawahadithia wengine kabla haijatokea, anapigwa makofi ya kisogo. Kesho yake ilikuwa inaigizwa upya nje, na kugombana nani awe adui. Kipindi kikiisha kimeisha, na mama mwenye nyumba anafagia sebule yake mnatoka.

Leo hakuna kipindi kinachoisha. Video moja ikikaribia mwisho nyingine inajianzisha, imechaguliwa na mashine kwa sababu watoto wengine hawakuiacha. Mtoto wa miaka miwili hajui kusema basi, hata kwa pipi hajui. Zamani yupo mtu au saa iliyokuwa inamsemea.

---

Mkata Mkaa

Nyie watu wa tafiti mna tabia ya kuokota zinazowafurahisha. Wapo Orben na Przybylski wa Oxford, 2019, walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000. Matumizi ya teknolojia yalieleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Wakasema kabisa kwamba hata kula viazi mara kwa mara kulionekana kuwa na uhusiano wa kiwango karibu hicho hicho. Sasa tupige marufuku na chipsi mayai?

Halafu jambo la pili. Mtoto anayekaa na simu siku nzima ni mtoto wa nani? Wa mama anayeuza genge peke yake. Unapima umasikini halafu unaita skrini.

---

Ticha wa Tabata

Mkuu huu ndio mchango niliokuwa nauombea. Utafiti huo naujua na nauheshimu, ila uangalie watu wake: ni vijana wa kubalehe, na kilichopimwa ni hali ya moyo na ustawi. Mimi nazungumzia mtoto ambaye bado anajenga lugha.

Kwa wadogo, mwaka huo huo 2019, Sheri Madigan na wenzake wa Calgary, Kanada, walifuatilia mama na watoto 2,441. Waliokuwa na saa nyingi za skrini kwenye miezi 24 walipata alama za chini zaidi za ukuaji kwenye miezi 36, na wa miezi 36 hali kadhalika kwenye miezi 60. Wakapima na upande wa pili, kama pengine ni watoto waliochelewa ndio wanaopewa skrini zaidi baadaye, na huo uhusiano hawakuupata. Tofauti yenyewe si kubwa, hilo nakubali. Hakuna mtoto anayegeuka bubu kwa katuni.

Na la mama wa genge umesema kweli tupu. Anampa mtoto simu kwa sababu kuna mafuta ya moto na barabara. Wa kumsema huyo si mimi.

---

Mama Pacha

Naomba msaada jamani, msinicheke. Nina mapacha, miaka miwili na miezi minne. Wanaongea lugha yao wenyewe, maneno ya kueleweka hayafiki kumi. Hawali mpaka niwawekee nyimbo kwenye simu. Mama mkwe anasema pacha huchelewa, niache kuhangaika. Jirani anasema ni usonji umeletwa na simu. Usiku silali. Nianzie wapi?

---

Nesi wa Zamu

Mama Pacha pole, na hakuna wa kukucheka hapa.

Kwanza usonji hauletwi na simu. Mtoto huzaliwa na njia hiyo ya ukuaji, na dalili huanza kuonekana akiwa mdogo. Kinachotokea ni kwamba mtoto mwenye usonji mara nyingi anaipenda skrini kwa sababu inarudia kitu kile kile bila kubadilika, watu wanaona simu mkononi wanaisingizia. Ubaya wa hayo maneno ya jirani ni kwamba mzazi anaficha simu kabatini, anasubiri mtoto apone, mwaka unapita bure.

Pili, anzia masikio. Mtoto asiyesikia vizuri anaweza kucheza mbele ya simu kama kawaida, anafuata picha na mtetemo. Usaha wa masikio unaorudi rudi ni jambo la kawaida kwa watoto wetu na unapunguza usikivu bila mtu kujua. Nenda kituo cha afya, omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, wapimwe wote wawili. Usikubali ule mtihani wa kupiga makofi nyuma ya kichwa.

Tatu, ni kweli pacha wengi huchelewa kidogo. Lakini karibu na miaka miwili tunategemea mtoto aanze kuunganisha maneno mawili: "mama njoo", "maji hapana". Miaka miwili na miezi minne na maneno hayafiki kumi, mama mkwe asikucheleweshe. Ukienda watakuuliza: wanageuka wakiitwa jina? Wanakuonyesha kitu kwa kidole ili na wewe ukione? Wanakutazama usoni mkicheza? Kuna maneno walikuwa nayo yakapotea? Andika majibu kabisa uende nayo. Na huyo mtoto wa Ticha anayeburuta mkono wa mtu mpaka kwenye ndoo, Ticha naye amshauri mzazi akapimwe, maana ukikuta hiyo pamoja na kutoonyesha kidole sisi huwa hatuipuuzi.

Kingine, kuongea Kiswahili nyumbani pamoja na Kihaya au Kichaga hakucheleweshi mtoto. Kuna wazazi wanaacha lugha ya bibi kwa hofu hiyo, na bibi ndiye mwenye muda wa kuongea.

---

Ticha wa Tabata

Nesi, ushauri nimeupokea, na alipelekwa.

---

Pwani_Raha

Natokea Tanga, naona watu mnaongea kama vile kompyuta kwa watoto ni habari za Masaki na Mikocheni tu.

Ule mradi wa vishikwambi mmeusahau? Shindano la Global Learning XPRIZE, fedha zake zikatoka kwa Elon Musk, serikali, UNESCO na WFP (lile shirika la chakula la Umoja wa Mataifa) wakashiriki. Vijiji 170 vya mkoa wetu, watoto karibu 2,700, kuanzia mwishoni mwa 2017, miezi 15. Watoto wenyewe wengi shule hawakuwahi kuiona. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Kila mmoja akapewa kishikwambi chenye masomo ya kusoma, kuandika na hesabu kwa Kiswahili, hakuna mwalimu. Kuchaji ni kwenye kituo cha sola, na kuna mama wa kijiji wa kuwakumbusha kuchaji, basi.

Matokeo yakatangazwa Mei 2019. Idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilishuka kwa nusu. Zawadi kubwa ya dola milioni 10 wakagawana washindi wawili, Kitkit School na onebillion, na programu za timu zote tano za fainali zikaachwa wazi mtu yeyote achukue.

Sasa hapo mnasemaje? Skrini bila mwalimu, na mtoto kasoma.

---

Ticha wa Tabata

Pwani_Raha, umeniwahi, huo nilikuwa nimeuhifadhi nije nao. Angalia kiti kilikuwa cha nani. Kile kishikwambi hakikumpokonya mtoto mwalimu, hakuwepo. Hakikumpokonya kitabu, hakikuwepo. Na wale hawakuwa wa miaka miwili. Ni watoto ambao Kiswahili au lugha ya nyumbani wanakiongea, kilichokosekana ni herufi. Kumfundisha mtoto anayejua neno "kuku" kwamba linaandikwa hivi, mashine inaiweza. Kumfanya aanze kulisema ndiyo kazi inayotaka mtu.

Linganisha na Peru. Ule mradi wa Nicholas Negroponte, profesa wa chuo cha MIT cha Marekani, wa kompyuta moja kwa kila mtoto, uliotangazwa 2005, Rwanda nao waliingia 2008. Peru waligawa kompyuta zaidi ya 850,000. Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika wakatathmini shule 319 za vijijini, ripoti ikatoka 2012. Baada ya miezi 15, muda ule ule wa Tanga, alama za hesabu na lugha hazikusogea. Watoto walizizoea mashine, hilo ndilo walilopata zaidi, pamoja na mafanikio madogo kwenye mafumbo ya kufikiri. Masomo ya kumpeleka mtoto hatua kwa hatua hayakuwemo, walimu walipata mafunzo kiduchu, na kwa somo lenyewe kompyuta haikubadilisha kitu.

Ila tusitie chumvi na ya Tanga. Kushuka kwa nusu maana yake nusu nyingine baada ya miezi 15 bado hawakuweza kusoma hata neno. Mwalimu wa darasa la kwanza akileta matokeo hayo ofisini kwa mwalimu mkuu ataulizwa alikuwa wapi.

---

Pwani_Raha

Hapo kwenye mwalimu kuulizwa nimekubali kishingo upande. Lakini niongeze kitu ambacho kwenye ripoti hukipati vizuri. Kila mtoto alikuwa na cha kwake, lakini ungewakuta watatu wanne chini ya mwembe, mmoja anabonyeza, wengine wanapiga kelele "si hiyo, hiyo ni ba!" Kelele tupu mchana kutwa.

---

Ticha wa Tabata

Hizo kelele mimi ndizo ninazozitafuta darasani.

---

Jirani_KE

Salamu kutoka Nakuru. Sisi huku mliyosema ya Peru tumeyaona kwa macho. Kampeni ya 2013 tuliahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zikaja 2016, zimegeuka kuwa tableti, zaidi ya milioni moja nchi nzima. Kwa shule ninayoijua ziliwekewa kabati la chuma na kufuli mbili, maana zikiibwa ni mwalimu mkuu atajibu. Watoto walizishika siku mgeni akija. Baadaye betri zikafa.

Sahii kuna mtaala wa kuandika programu ulioidhinishwa 2022, shule zingine zinajaribu na zinafanya vizuri. Lakini mimi swali langu kwa Ticha: kama mtoto wa darasa la nne anafaidika, anafaidika na nini hasa? Kwa sababu wangu akishika kompyuta ni mchezo wa magari tu.

---

Ticha wa Tabata

Sasa ndiyo nafika kwa wakubwa.

Kompyuta za kwetu hazitoshi, kwa hiyo kila moja wanakaa wawili. Wazazi hulalamika, wamelipa ada. Mimi hata zikiongezwa nitawaacha wawili wawili, na nitawaambia kwa nini.

Natumia Scratch, programu ya bure iliyotolewa na MIT mwaka 2007. Mtoto anapanga vipande vya maagizo na paka kwenye skrini anafanya alichoambiwa. Ukishaisakinisha haihitaji bando. Juzi nimewapa kazi ya kutengeneza njia yenye kuta, paka asipite ukutani. Wasichana wawili wa darasa la nne, paka wao anapenya ukuta kama jini. Nikasimama nyuma yao kimya.

"Hujamwambia aache."

"Nimemwambia. Akigusa nyekundu arudi nyuma. Si hiyo hapo?"

"Sasa mbona haachi?"

"Kwa sababu haigusi nyekundu."

"Anaigusa! Si huu ukuta?"

Kimya kidogo. Halafu yule mpole kati yao akasogeza uso karibu na kioo akasema, "Huo ukuta si nyekundu. Ni damu ya mzee."

Na ndivyo ilivyokuwa. Aliyechora ukuta alichagua rangi moja, aliyeandika agizo akachagua nyingine inayokaribiana nayo, na kompyuta haijui kukadiria. Wakarekebisha, paka akagonga ukuta, wakapiga kelele mpaka darasa la pili wakatuma mtu.

Jirani, faida iko hapo. Ameshika wazo, likakataa, akalisema kwa maneno mwenzake akalielewa, mwenzake akalipinga kwa sababu, wakatafuta pamoja kosa liko wapi. Kwenye video hakuna kinachomkatalia mtoto. Mchezo wa magari una faida zake za mkono na jicho, siudharau sana, ila muulize kama anaweza kukueleza kwa nini gari lake lilianguka kwenye kona. Akikueleza vizuri, mwache acheze kidogo. Akisema "sijui tu", mpe kitu kingine.

Na hata hii Scratch siwapi wa chekechea. Kuna toleo la wadogo, ScratchJr, wanasema miaka mitano hadi saba. Mimi kwa umri huo bado napendelea udongo, vizibo na kamba. Wenzangu wengine hawakubaliani nami, na wana hoja.

---

Fundi Miwani

Napita kwenye macho tu kwa sababu naona mmeruka. Uoni hafifu wa mbali kwa watoto umeongezeka sana Asia ya Mashariki, na watu wakakimbilia kulaumu skrini. Kutazama vya karibu kwa muda mrefu kunachangia, iwe simu au daftari, lakini kinga iliyothibitika vizuri ni kutoka nje mchana. Guangzhou, China, waliongeza dakika 40 za nje kila siku ya shule kwa wa darasa la kwanza. Miaka mitatu baadaye walioanza kuwa na tatizo walikuwa asilimia 30.4, na wale wasioongezewa 39.5. Matokeo yalitoka 2015. Jua sisi tunalo la kumwaga, halafu tunamfungia mtoto ndani na mapazia ili TV ionekane vizuri.

Mtoto anayesogelea skrini sana mleteni apimwe. Pengine haoni ubaoni na hajui kwamba wenzake wanaona.

---

Baba Neema

Uzi umeshiba. Swali fupi: simu yake mwenyewe, umri gani? Wangu ana kumi na moja, darasa zima wanazo, anasema yeye tu ndiye hana.

---

Ticha wa Tabata

Darasa zima hawana, hilo nakuhakikishia, huo wimbo naimbiwa kila muhula.

Australia wameamua kwa sheria, tangu 10 Desemba 2025 walio chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii. Sisi kwenye nyumba zetu hatuna sheria hiyo, kwa hiyo mimi kwangu ninalobana ni mahali. Simu ya kutumia ipo, ya nyumba, inachajiwa sebuleni na inalala sebuleni. Chumbani haiingii usiku, ya kwangu nayo haiingii. Mtoto aliyelala saa saba namjua saa mbili asubuhi kabla hajakaa. Anatazama ubao kama anatazama bahari. Kama unalazimika kuanza na kitu kimoja, anza na usingizi, mengine mtayajadili akiwa amelala vya kutosha.

Kwa wenye wadogo na hawana namna, maana najua wapo: pakua vipindi viwili vitatu vya Kiswahili, zima data, zima ile ya video kujianzisha. Kuna katuni za Akili and Me za shirika la Ubongo la hapa Dar, ni za miaka mitatu hadi sita, na zilipimwa Morogoro: watoto waliozitazama walifanya vizuri kuliko wenzao kwenye mambo kadhaa, kuhesabu na kuchora maumbo yakiwemo. Kipindi kikiisha mwulize nini kimetokea, hata kama unamenya vitunguu.

---

Mama Pacha

Nesi nimepata rufaa, tunakwenda wiki ijayo. Sasa kwenye kula nifanyeje? Nikizima simu wanafunga midomo.

---

Nesi wa Zamu

Hongera kwa hatua. Kula: waweke wote wawili chini pamoja na wewe, na wewe sahani yako uwe nayo, ule wakikuona. Wapeni cha kushika wenyewe, ndizi, kiazi, kipande cha samaki kisicho na mwiba. Watachafua, tandika nailoni. Anza na mlo mmoja bila simu, ule ambao huwa wana njaa zaidi, mingine iache kama ilivyo kwanza. Mlo usizidi nusu saa, wakikataa ondoa bila ugomvi, na katikati usiwape biskuti wala juisi. Uzito wao upimwe kliniki. Ukiona unashuka usiendelee peke yako, rudi kwetu. Na wakati wanakula taja vitu: "ndizi. Umeshika ndizi. Ndizi tamu." Utajiona unaongea peke yako kama kichaa. Endelea.

---

Chapati Mbili

Mimi niliyekuja kubisha naomba kuuliza. Hiyo Scratch inakubali kwenye laptopu ya zamani? Ninayo moja ya RAM 2, ikiwaka feni inaunguruma mtaa mzima unajua.

---

Ticha wa Tabata

Toleo jipya litakuchosha, ingawa lina Kiswahili. Tafuta Scratch 1.4, ya mwaka 2009, ni nyepesi, kwenye mashine kama hiyo inakimbia. Mafaili ninayo, njoo PM tupange, uje na flashi. Na mwanao mtafutie mwenzake wa kukaa naye, asikae peke yake.